Daftari Moja la Nyumba, Wazi kwa Wawili



Wanandoa wengi hugombana juu ya pesa. Lakini mkichunguza vizuri mtaona kwamba mara nyingi ugomvi si juu ya pesa zenyewe, bali ni juu ya kutojua. Mke hajui mumewe hubakiwa na kiasi gani baada ya makato ya mshahara. Mume hajui mkewe ana mikopo mingapi kwenye simu. Wanachojua wote wawili ni kwamba tarehe kumi na tano unga umekwisha, karo haijakamilika, na kila mmoja anamtazama mwenzake kana kwamba yeye ndiye mwizi.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika somo hili tunataka kuwaonyesha daftari la siku hizi ambalo jamaa yoyote yenye kompyuta, hata iliyonunuliwa ikiwa imetumika, inaweza kuwa nalo bila kulipa senti. Ni programu huria ya kuweka hesabu za nyumba. Lakini tuanze na moyo kabla ya chombo, maana hakuna chombo kinachoponya moyo usiotaka kusema kweli.

USHIRIKA WA MAISHA YOTE

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1055, inaieleza ndoa kuwa agano ambalo kwalo mwanamume na mwanamke huanzisha ushirika wa maisha yao yote. Maisha yote si kitanda na watoto peke yake. Mfuko nao umo ndani. Mtu aliyempa mwenzake mwili wake mbele ya altare, kisha akamficha karatasi ya mshahara, amefunga mlango mmoja wa nyumba na kuondoka na ufunguo.

Someni tena habari za Anania na Safira katika Matendo ya Mitume, sura ya 5. Wengi hudhani waliadhibiwa kwa kubaki na sehemu ya fedha za shamba waliloliuza. Sivyo. Petro alimwambia Anania wazi kwamba shamba lilikuwa lake na fedha zilikuwa zake. Kosa lao lilikuwa kuleta sehemu na kuiita yote. Baba anayeweka nusu ya mshahara mezani na kusema, “Mama watoto, hii ndiyo yote niliyo nayo,” anarudia uongo uleule. Na mama anayetaja bei ya viatu vya shule ikiwa na nyongeza kidogo ili abaki na chenji, naye vilevile.

Tena Bwana wetu, katika Luka 14:28, alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara. Mtu huyo kwanza huketi na kuhesabu gharama. Angalieni neno hilo: huketi. Hesabu ya nyumba haifanywi mkiwa mmesimama mlangoni mtoto akilia kwamba amefukuzwa shule. Huhitaji kuketi, na katika ndoa huhitaji kuketi wawili.

ELIMU ILIYOANDIKWA NA MTAWA

Huenda mkashangaa kusikia kwamba njia ya hesabu inayotumiwa na benki na makampuni leo ilielezwa katika kitabu na mtawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko. Jina lake Luca Pacioli, Mwitalia. Mwaka 1494, mjini Venice, alichapisha kitabu kikubwa cha hisabati, na ndani yake akaeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoweka vitabu vyao. Hakuivumbua njia hiyo, ila aliiandika kwa utaratibu ili watu wote waweze kujifunza. Aliwashauri waanze hesabu zao kwa jina la Mungu, na kwanza kabisa waandike orodha ya vyote walivyo navyo.

Kiini cha njia hiyo ni chepesi. Kila shilingi ina mahali ilipotoka na mahali ilipokwenda, na pande zote mbili lazima ziandikwe. Ukinunua sukari ya shilingi 200 kwa pesa za simu, 200 zimetoka katika simu na 200 zimekwenda katika chakula. Mkiandika upande mmoja tu, hesabu inakataa kulingana, na mnajua kwamba kuna kitu hakijasemwa. Daftari la kawaida, lile lenye orodha ya vitu vilivyonunuliwa, huweza kunyamaza juu ya mkopo wa siri. Daftari la pande mbili halinyamazi kirahisi.

PROGRAMU HURIA NI NINI?

Programu nyingi za kompyuta huuzwa, na mwenye kununua hukatazwa kumpa jirani nakala. Watu wengi hunakili tu na kutumia bila kulipa, na kwa kuwa kila mtu hufanya hivyo, hatuoni tena kwamba jambo hilo lahusu Amri ya Saba, Usiibe.

Programu huria ni tofauti. Mwaka 1983 Mmarekani aitwaye Richard Stallman alitangaza mpango wa kutengeneza programu ambazo kila mtu angekuwa huru kuzitumia, kuchunguza zinavyofanya kazi, kuzibadilisha na kuwagawia wengine. Mpango huo aliuita GNU. Leo ziko programu nyingi sana za namna hiyo, na mojawapo ni GnuCash, programu ya kuweka hesabu kwa njia ya pande mbili. Imekuwapo tangu miaka ya 1990 na hutunzwa na watu wanaojitolea. Hufanya kazi katika kompyuta za Windows, za Apple na za Linux. Hupatikana bure katika tovuti ya gnucash.org, na ukishaiweka katika kompyuta hauhitaji intaneti kuandika hesabu zako. Ukimpa jirani nakala hujaiba. Umetumia ruhusa uliyopewa.

Kuna sababu nyingine ya kuipenda. Hesabu za jamaa ni za miaka mingi, tangu mtoto wa kwanza anapoanza shule hadi wa mwisho anapomaliza. Kampuni inayouza programu yaweza kuamua kuacha. Microsoft iliacha kuuza programu yake ya Money mwaka 2009. Huko Marekani, huduma ya Mint iliyotumiwa na watu wengi kufuatilia pesa zao ilifungwa mwaka 2024. Lakini programu huria hakuna mtu mmoja awezaye kuifunga, na faili ya hesabu zenu hukaa kwenu, katika kompyuta yenu.

Tena msidanganywe na kila kitu kiitwacho bure. Ziko programu za simu zisizotoza pesa, lakini huomba kusoma ujumbe wenu na majina ya watu katika simu yenu. Hapo mnalipa kwa siri za nyumba. Katika programu huria, maandishi yaliyoiunda yako wazi, na mtaalamu yeyote anaweza kuyasoma na kuona kama kuna mtego.

PESA ZILITOKA WAPI, ZILIKWENDA WAPI?

GnuCash hugawanya hesabu zote katika mafungu makuu matano: mali mliyo nayo, madeni mnayodaiwa, mapato, matumizi, na fungu la tano linaloonyesha kilicho chenu hasa madeni yakiondolewa. Tuchukue mfano wa mume mwalimu na mke mshonaji nguo, tuone jinsi mafungu haya yanavyofundisha ukweli ambao wengi hatuuoni.

Kwanza, mkopo si mapato. Tuseme mke amekopa shilingi 5,000 kwa simu, naye atarudisha 5,400. Siku ile simu ikilia, moyo hufurahi kana kwamba pesa zimeingia. Daftari husema vingine: 5,000 zimetoka katika Madeni na kuingia katika M-Pesa. Jamaa haijatajirika hata shilingi moja. Siku ya kulipa, 5,400 zinatoka katika M-Pesa. Kati ya hizo, 5,000 zinakwenda kufuta deni, na 400 zinakwenda katika fungu la matumizi liitwalo Riba. Akikopa hivyo kila mwezi, mwisho wa mwaka fungu la Riba litasoma 4,800. Hakuna mtu katika nyumba aliyekula wala kuvaa pesa hizo. Dawa ya deni ni kulipa, lakini kwanza ni lazima deni lionekane.

Pili, akiba si matumizi. Mume anapokatwa shilingi 3,000 kwa ajili ya SACCO, mke aweza kulalamika, “Baba watoto, hizo zako za SACCO ndizo zinazotulaza njaa.” Daftari litaonyesha kwamba 3,000 hazikuliwa. Zimehama kutoka mshahara kwenda katika Mali, zikaongeza akiba. Sasa wanaweza kuzungumza vizuri: je, 3,000 ni nyingi mno kwa mwaka huu, wakati mtoto anaingia sekondari? Hilo ni swali la watu wawili wenye ukweli uleule mbele yao. Si shtaka tena.

Tatu, chama cha mzunguko kina siri yake. Tuseme mke yuko katika merigoraundi ya watu kumi, kila mmoja hutoa 1,000 kwa mwezi. Zamu yake ni ya tatu. Siku hiyo amekwisha kutoa 3,000, naye anapokea 10,000. Mume akiziona 10,000 hudhani mkewe ana faida ya kujengea choo. Lakini 3,000 ni zake mwenyewe zilizorudi, na 7,000 ni deni atakalolipa kwa miezi saba inayofuata. Angekuwa wa mwisho katika zamu, zote 10,000 zingekuwa akiba yake. Chama ni kilekile, kiasi ni kilekile, lakini maana ni tofauti kabisa. Ni vigumu kuona jambo hili kwa kichwa. Katika daftari la pande mbili ni rahisi.

JINSI YA KUANZA

1. Chagueni siku na saa. Jumapili baada ya Misa na chakula cha mchana yafaa. Nusu saa yatosha. GnuCash haikutengenezwa ili watu wawili waandike katika faili moja wakati mmoja kutoka kompyuta mbili. Hilo kwenu ni neema: ketini kwenye meza moja, mmoja asome risiti na mwingine aandike. Wiki inayofuata badilishaneni.

2. Andikeni mlicho nacho leo. Pesa zilizo mkononi, M-Pesa, benki, SACCO, chama. Kisha andikeni madeni yote: ya simu, ya duka, ya rafiki, ya karo. Siku hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Kabla ya kufungua kompyuta, ahidianeni kwamba hakuna atakayepigiwa kelele kwa deni analolitaja leo kwa hiari yake.

3. Fungueni mafungu machache. Programu itawapendekezea orodha ndefu. Msiichukue yote. Matumizi kumi yatosha kuanzia: chakula, kodi ya nyumba, karo, nauli, stima na maji, matibabu, mavazi, zaka na sadaka, wazazi na harambee, riba. Majina mwaweza kuyaandika kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama.

4. Kila mmoja awe na fungu lake dogo la mkononi. Kubalianeni kiasi, hata kama ni shilingi 500 kwa mwezi, ambacho hakiulizwi. Mume akinywa soda na rafiki zake, mke akinunua kitambaa cha kichwa, hakuna maswali. Watu hudanganya juu ya vitu vidogo wanapolazimika kujieleza kwa kila kitu.

5. Katika wiki wekeni risiti katika mkebe mmoja, na msifute ujumbe wa M-Pesa. GnuCash ni programu ya kompyuta, kwa hiyo sokoni tumieni kijitabu kidogo. Jumapili mtayahamisha yote.

6. Mwisho wa mwezi, patanisheni hesabu. Linganisheni daftari na taarifa ya benki na ya M-Pesa, mstari kwa mstari. Programu ina sehemu maalum ya kazi hiyo. Ikiwa hazilingani, tafuteni kwa upole. Mara nyingi ni gharama ya kutuma pesa iliyosahauliwa. Ikiwa ni jambo lililofichwa, basi limejitokeza likiwa bado dogo, na upatanisho wa hesabu unawaitia upatanisho ulio mkubwa zaidi.

Wasio na kompyuta wasikate tamaa. Pacioli alitumia wino na karatasi. Chukueni daftari la shule, gaweni kurasa kwa mafungu, andikeni kila pesa mara mbili. Mtakapopata kompyuta mtahamisha masalio tu. Mkitumia kompyuta ya saiba, faili yenu ikae katika flashi yenu, wala msiache nakala pale.

TAHADHARI TATU

Ya kwanza: daftari si fimbo. Wako wanaume, na wanawake pia, ambao wakipewa hesabu iliyo wazi huigeuza mahakama. “Tarehe nne ulinunua nyanya za mia moja, kwa nini?” Mwenye tabia hiyo atafundisha mwenzake kuficha vizuri zaidi. Tazameni mafungu na miezi, msipekue nyanya. Na ikiwa mume anachukua mshahara wa mkewe kwa nguvu, au mmoja anamnyima mwenzake chakula na matibabu, shida hiyo haitatuliwi na programu. Huyo aende kwa padre, kwa wazee anaowaamini au kwa mwenye mamlaka ya sheria.

Ya pili: fungeni mlango. Faili ya GnuCash haina neno lake la siri. Wekeni neno la siri katika kompyuta yenyewe, mlijue wote wawili. Wekeni pia nakala katika flashi na mwitunze mahali pengine. Kompyuta huibiwa, na mvua huvuja. Tena wote wawili wajue kuifungua na kuisoma. Mmoja akifariki au akilazwa hospitalini, mwenzake asiachwe gizani.

Ya tatu: msichoke mapema. Miezi miwili ya kwanza hesabu zitakuwa na mashimo. Fungueni fungu liitwalo Haijulikani, mtie humo kila pesa msiyokumbuka ilikokwenda. Fungu hilo likipungua mwezi hata mwezi, mnaendelea vizuri.

WAFIKISHIENI WENGINE

Programu inayouzwa hutangazwa redioni na magazetini. Programu huria haina wa kuilipia matangazo, kwa hiyo wengi hawajapata kuisikia. Hufika mbali kwa mdomo wa aliyesaidika. Hapa sisi Wakatoliki tuna mlango ulio wazi: Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Chama cha Wanawake Wakatoliki, Chama cha Wanaume Wakatoliki, na mafundisho ya wachumba.

Jamaa moja iliyozoea ifundishe mbili. Mkiwaonyesha watu, tumieni hesabu za mfano, wala msiweke hadharani hesabu za nyumba yenu. Vijana wa parokia wanaojua kompyuta wawasaidie wazee kuiweka. Hiyo ni sadaka pia. Na wachumba wanaojiandaa kwa Ndoa Takatifu wajaribu miezi mitatu kabla ya arusi, kila mmoja kwa faili yake. Watakapoketi kuzilinganisha watafahamiana kwa namna ambayo barua za mapenzi haziwezi kuwapa.

Wenye kipaji cha lugha nao wana kazi. Kwa kuwa programu huria ni ruhusa kuibadilisha, yeyote aweza kuitafsiri. Mwaka 2004 wataalamu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Mwalimu wa Kiswahili anayeandika mwongozo wa kurasa nne kwa ajili ya jumuiya yake anafuata njia hiyohiyo, na hahitaji kumwomba mtu ruhusa.

MASWALI YA KUJADILIANA

Someni maswali haya pamoja. Kila mmoja ajibu kwanza kwa kuandika, kisha mbadilishane karatasi.

1. Je, najua mwenzangu hupokea kiasi gani kwa mwezi? Je, yeye anajua changu?

2. Kuna deni gani ambalo sijamwambia? Nini kinanizuia?

3. Mara ya mwisho tulipogombana juu ya pesa, nani kati yetu hakuwa na habari kamili?

4. Ni kiasi gani kwa wazazi wangu, na kiasi gani kwa wazazi wake? Je, tumekubaliana, au kila mtu hutuma kwa siri?

5. Kama ningefariki wiki hii, mwenzangu angejua wapi pa kupata akiba na nani wa kumlipa?

SALA

Ee Mungu Baba yetu, vyote tulivyo navyo ni vyako, nasi ni mawakili tu. Utupe ujasiri wa kuambiana kweli na upole wa kuipokea. Utulinde na madeni ya siri na maneno makali. Ubariki kazi ya mikono yetu, hata ikiwa ni kidogo, ili watoto wetu wale, wasome, na wajifunze kwetu uaminifu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.